Kutoka Upatu hadi Kikoba

Upatu ni mchezo wa fedha wa watu wanaojuana. Watu kumi wakikubaliana kutoa shilingi 20,000 kila wiki, kila wiki mmoja wao hupokea 200,000, hadi zamu ziwazungukie wote. Riba hakuna, wala hati ya nyumba haiwekwi rehani. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake, na anayepokea mwisho amewawekea akiba. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyeandika juu ya michezo ya namna hii mwaka 1962, aliiona kama daraja la kuvukia tu, ambalo mabenki yangekuja kulichukulia nafasi. Dar es Salaam haikumsikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi hata chakula cha mwezi, Aili Mari Tripp alifanya utafiti wa uchumi usio rasmi jijini humo na kuukuta upatu umeshamiri, hasa miongoni mwa wanawake wenye biashara ndogo.

Mhimili wa mchezo ni kijumbe, anayekusanya michango na kujua kila mmoja anaishi wapi na anapata riziki kwa njia gani. Mgeni kwa kawaida hupangwa mwishoni, maana bado hajapimwa. Lakini mpangilio wa zamu si msahafu. Mwanachama akifiwa, akiuguliwa au akikaribia kuoza binti, aliyepangiwa wiki hiyo huombwa amwachie, na mara nyingi hukubali. Wema huo hauandikwi kwenye daftari la kijumbe, ila haupotei: aliyeachiwa zamu leo hawezi kukwepa mchango kesho na bado akatazamana na wenzake msibani. Kwa mkopo usio na karatasi, hiyo ndiyo dhamana yenyewe.

Kikoba kilikuja na utaratibu mwingine. Chimbuko lake ni Maradi nchini Niger, ambako shirika la CARE lilianzisha mwaka 1991 vikundi vya akiba vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Mtindo huo ulifika Zanzibar, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaenea Tanzania Bara kwa jina la VICOBA. Wanachama, kwa kawaida wapatao 30, hununua hisa kila wiki na kukopa hadi mara tatu ya hisa zao, wakidhaminiana watano watano. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Riba inayolipwa hurudi kwa wanachama wenyewe wakati wa mgawo.

Pembeni mwa hisa kuna mfuko wa jamii, wa kusaidia wakati wa ugonjwa na misiba. Hapo ndipo lilipo badiliko kubwa kuliko kufuli. Hisani ya kuachiana zamu, iliyotegemea moyo wa mtu, sasa ina kiwango na kanuni, na asiyechangia hupigwa faini. Mnyonge asiye na marafiki wengi kikundini alinufaika. Mwenye moyo wa kutoa, kwa upande wake, hakubakiwa na nafasi kubwa ya kuonekana.

Jina la upatu lenyewe lilichafuka. Kampuni ya DECI, iliyokusanya fedha kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, ilisimamishwa na serikali mwaka 2009, na viongozi wake wakashtakiwa kwa kuendesha upatu haramu. Maelfu walitoa fedha bila kujua nani angewalipa. Mavuno ya waliotangulia yalitegemea mbegu za waliofuata, wala hapakuwa na kijumbe wa mtaani wa kubishiwa hodi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka visajiliwe. Wakati huohuo michango ilikuwa imeanza kuhamia kwenye simu, tangu huduma za fedha kwa njia hiyo zilipoingia nchini mwaka 2008. Mwanachama aliye safarini sasa hutuma hisa bila kuhudhuria kikao, ingawa vikundi vingi bado humtaka anayeomba mkopo afike mwenyewe, aseme mbele ya wenzake anautakia nini.