Miezi sita na kijidudu kinacholala

Ukikaa na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu au Mgusu, Geita, swali hili halikosi: kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, kwa nini niendelee kumeza dawa za TB miezi minne mingine? Rashi ikitokea Kahama, mtu anabeba sururu, dozi inabaki. Majibu ninayosikia wakipewa ni mawili: ndivyo utaratibu ulivyo, au utapata usugu. Sawa, lakini hayamwelezi mtu kitu. Jibu lenyewe lina historia, na sehemu yake kubwa ni ya huku kwetu.

Zamani dozi ilizidi mwaka mzima. Mwaka 1972 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki na Zambia: dawa mpya kama rifampisini zikiongezwa, miezi sita yaweza kutosha. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Karel Styblo, daktari Mcheki ambaye mwenyewe aliwahi kuugua TB. Miaka ya 1980 dozi ya miezi minane ikafika wilayani, mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu. Utaratibu huo ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuunadi dunia nzima miaka ya 1990. (Sisi wenyewe tunausifia kidogo mno.)

Madaktari wale walijua ukikatisha, ugonjwa unarudi. Kumbe siri mojawapo ilikuwa kwenye protini iitwayo DosR, iliyochunguzwa kwa undani baada ya vinasaba vyote vya kijidudu kusomwa mwaka 1998. Mwili hukizingira kijidudu ndani ya pafu, oksijeni inapungua. Protini mbili, DosS na DosT, zinaihisi hali hiyo na kuipachika DosR kipande cha fosfeti: atomu moja ya fosforasi na oksijeni chache, basi. Lakini umbo la DosR linabadilika. Inaungana na mwenzake, zinaishika DNA kwa uthabiti, na jeni karibu 50 zinawashwa. Mojawapo hutengeneza protini inayozilinda nyingine zisiharibike. Kijidudu kinaacha kuzaliana, kinasubiri.

Sasa isoniazidi, kwa mfano, hushambulia ujenzi wa ukuta wa kijidudu. Asiyejenga utambomolea nini? Miezi miwili ya kwanza huua walio macho, na ndipo mtu anajiona kapona. Miezi inayofuata ni ya kuwangoja waliolala, mmojammoja, waamke.

Kwa mchimbaji kuna la ziada. Vumbi la mwamba, la kwenye duara na kwenye karasha, huua chembe za mwili zinazokula vijidudu. Kwa hiyo anayeacha dozi yake katikati anarudi kuvuta kitu kilekile kilichodhoofisha pafu lake.

Rashi haizuiliki, na sioni maana ya kuwahubiria watu wasihame. Kinachowezekana ni mgonjwa kuaga kituoni, apewe barua ya uhamisho na kadi yake, kisha aendelee na vidonge kituo cha karibu na duara jipya.