Hukumu Iliyotangulia Kesi: Mpango wa Kuboresha Utendaji na Usalama wa Ajira katika Kampuni Kubwa za Teknolojia

Utangulizi

Katika kampuni kubwa za teknolojia za Marekani ipo barua ambayo wafanyakazi huiogopa kuliko barua ya onyo. Huitwa mpango wa kuboresha utendaji. Hutaja kasoro za mfanyakazi, malengo anayotakiwa kuyafikia na muda aliopewa, aghalabu siku 30, 60 au 90. Kwa maneno yake, barua hiyo ni ya kumjenga: inamwonesha alipoteleza na kumpa nafasi ya kujirekebisha. Hata hivyo, wengi wanaoipokea huanza kutafuta kazi kwingine siku hiyo hiyo, na wenzao huwashauri wafanye hivyo.

Makala haya yanadai kwamba hofu hiyo ina msingi, na kwamba chanzo chake si ukali wa meneja mmoja mmoja. Chanzo ni mgawo, yaani sehemu ya wafanyakazi ambayo kampuni imekwisha kuamua iondoke kabla kazi ya mtu yeyote haijapimwa. Mgawo ukitangulia, tathmini huwa shughuli ya kutafuta majina ya kujaza idadi, na mpango wa kuboresha utendaji huwa kesi inayosikilizwa baada ya hukumu kutolewa.

Asili ya mgawo

Fikra hii haikuzaliwa katika kampuni za programu. Jack Welch, aliyeiongoza General Electric kuanzia 1981 hadi 2001, aliwagawa watu wa kampuni yake katika mafungu matatu: asilimia 20 ya juu watuzwe, asilimia 70 ya kati waendelezwe, na asilimia 10 ya chini waondoke. Kwa miaka mingi Microsoft nayo iliwataka mameneja wawapange watu wao katika madaraja kwa uwiano uliowekwa mapema. Mwaka 2012 mwandishi Kurt Eichenwald alieleza katika jarida la Vanity Fair kwamba wafanyakazi aliowahoji waliutaja mpangilio huo kuwa ndio ulioiharibu kampuni kuliko jambo lingine lolote. Wahandisi hodari walikwepa kukaa timu moja na wahandisi wengine hodari, kwa sababu kila timu ilipaswa kutoa mtu wa mwisho. Novemba 2013 Microsoft iliufuta.

Kasoro ya mgawo iko katika hesabu yenyewe. Kampuni inayotaka asilimia 5 iondoke inamdai meneja wa watu 20 jina moja. Meneja huyo hatakiwi kueleza nani ameshindwa kazi, anatakiwa kueleza nani ni wa mwisho. Katika safu yoyote, hata iwe ya mafundi watupu, wa mwisho hakosekani. Kuwa wa mwisho ni uhusiano baina ya watu, ilhali kushindwa kazi ni uhusiano baina ya mtu na kipimo cha kazi yake. Mgawo huyachanganya mambo haya mawili, kisha humwandikia mtu kosa ambalo huenda hakulitenda.

Funzo la Microsoft halikuifuta fikra hiyo. Mwaka 2021 gazeti la Seattle Times, likitumia nyaraka za ndani za Amazon, liliripoti kwamba kampuni hiyo ilikuwa na lengo la kuona takribani asilimia 6 ya wafanyakazi wake wa ofisini wakiondoka kila mwaka kwa namna ambayo kampuni isingeijutia. Januari 2025 Mark Zuckerberg aliwatangazia wafanyakazi wa Meta kwamba asilimia 5 yao, waliohesabiwa kuwa wa utendaji wa chini, wangeondolewa. Mwezi uliofuata watu wapatao 3,600 walipoteza kazi. Baadhi yao walisema hadharani kwamba tathmini zao za awali zilikuwa nzuri, na wengine kwamba walikuwa likizo. Walipoteza ajira, na juu yake wakaachiwa sifa mbaya mbele ya waajiri wengine.

Barua yenye kazi mbili

Kwa nini basi kampuni zihangaike na mpango wa siku 60 au 90? Sheria ya ajira ya Marekani haizilazimishi. Katika majimbo karibu yote mwajiri anaweza kumwondoa mfanyakazi wakati wowote, kwa sababu yoyote isiyokatazwa na sheria, au bila sababu kabisa. Montana ndiyo jimbo lenye sheria, ya mwaka 1987, inayodai sababu ya haki baada ya kipindi cha majaribio.

Jibu liko katika neno “isiyokatazwa”. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza kumfukuza mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili yake, na nyingine ya 1967 inawalinda wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Mfanyakazi akishtaki kwa ubaguzi, kampuni hulifungua faili na kuonesha malengo yaliyowekwa, vikao vilivyofanyika na matokeo yasiyofikiwa. Hivyo barua moja hubebeshwa kazi mbili, kumfundisha mfanyakazi na kumwandalia mwajiri utetezi. Kazi hizi hazikai pamoja. Anayefundishwa anahitaji kukiri udhaifu wake na kuomba msaada. Anayeandaliwa faili akikiri, ungamo lake huwa ushahidi dhidi yake.

Jina la utendaji lina faida nyingine. Sheria ya mwaka 1988 inawataka waajiri wa Marekani wenye wafanyakazi 100 au zaidi watoe notisi ya siku 60 kabla ya kuachisha watu wengi kwa mkupuo. Anayefukuzwa kwa kosa lake mwenyewe hahesabiwi. Hivyo punguzo likipewa jina la utendaji, ulinzi uliowekwa kwa ajili ya umma wa wafanyakazi hupungua nguvu.

Mwaka 2025 vyombo vya habari viliripoti kwamba Microsoft iliwapa wafanyakazi wenye tathmini duni chaguo: waingie katika mpango, au waondoke na malipo ya wiki 16. Kwa mtu mwenye akiba, chaguo hilo linaweza kuwa nafuu. Lakini mwajiri anayekusudia kweli kumwinua mfanyakazi hamwekei nauli ya kuondokea mezani siku ya kwanza ya mafunzo.

Mzigo huu hauwaangukii wote sawa. Mhandisi wa kigeni mwenye viza ya H-1B akiachishwa, kwa kawaida ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake ya ukaazi, au kuondoka nchini pamoja na familia yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kubishana na meneja wake kama anavyoweza raia. Atakubali malengo yasiyofikika, atafanya kazi hadi usiku wa manane, na hatathubutu kuuliza kipimo kilitoka wapi.

Hoja ya waajiri

Waajiri wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mzembe asipoguswa, mzigo wake hubebwa na wenzake, na wachapakazi huvunjika moyo. Meneja asiyesukumwa huona haya kusema ukweli, akatoa alama nzuri mwaka hadi mwaka. Hayo ni kweli. Lakini yanadai meneja aliyefunzwa kusema ukweli mapema, hayadai idadi iliyopangwa. Ikiwa wazembe ni asilimia 9, waondoke asilimia 9 kwa ushahidi. Ikiwa hakuna, asiondoke mtu. Mgawo hauwezi kukubali jibu hilo la pili, na hapo ndipo unapojulikana kwamba haukukusudia kupima.

Kile ambacho sheria inaweza

Katika punguzo lile la Meta, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wafanyakazi wa Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi hawakuguswa, kwa sababu ya kanuni za nchi hizo. Kampuni ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni sheria.

Afrika Mashariki hatuko watupu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na kusikiliza utetezi wake kabla ya kumwachisha kwa utendaji duni. Nchini Tanzania, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinadai sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinauliza kama mfanyakazi alikijua kipimo, kama kipimo chenyewe kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo mgawo unaweza kulijibu.

Jambo hili linatuhusu sasa. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na vijana wetu wanaandika programu chini ya mameneja walioko ng’ambo. Utamaduni wa tathmini husafiri pamoja na kazi.

Hitimisho

Mpango wa kuboresha utendaji ni chombo kizuri kikitumiwa na mtu ambaye bado hajaamua. Ili ubaki hivyo, mwajiri alazimike kueleza mbele ya msuluhishi kama palikuwa na idadi iliyolengwa. Ikiwa ilikuwepo, sababu ya utendaji isikubaliwe hadi athibitishe kosa la mtu huyo mmoja. Malipo ya kuondoka yasitolewe pamoja na barua ya mpango. Na matokeo yapimwe na mtu asiye meneja aliyeuandika.

Kwa mfanyakazi atakayeipokea barua hiyo: omba kipimo kwa maandishi, omba msaada unaouhitaji kwa maandishi, na tunza nakala ya kila jibu. Ukiachishwa Tanzania, una siku 30 za kufikisha mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zihesabu tangu siku ya kwanza.