Jukwaa la Wasichana wa Butere

Shule ya Wasichana ya Butere ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1916. Mama na nyanya zetu wengi wamepitia hapo. Lakini mwaka 2013 jina lake lilivuma Kenya nzima kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, uligusa ukabila na ugavi wa mali ya nchi. Ulizuiwa usifike tamasha la kitaifa la drama. Mahakama Kuu ikauruhusu, na wasichana wakapanda jukwaani Mombasa.

Miaka 12 baadaye, Echoes of War ulipozuiwa, njia ya mahakamani ilikuwa inajulikana. Amri ikatolewa tena. Hata hivyo, kule Nakuru, Aprili 2025, wanafunzi waliimba wimbo wa taifa tu, wakashuka.

Mchezo wa shule huisha kwa muda mfupi. Mafunzo yake hukaa: kusema wazi mbele ya umati, kungoja zamu, kumtegemea mwenzako, kusimama imara unapozuiwa. Kwa hiyo, ndugu zetu wa nyumbani na wa mbali, mchango wetu wa elimu usiishie kwenye madawati na vitabu. Jukwaa nalo ni darasa.