Masharti ya Shahada Yana Historia: Kutoka Oxford hadi Nairobi

Msomaji mwenzangu, karatasi ya masharti ya kuhitimu sisi wanafunzi huisoma kama ratiba ya treni. Tunatazama kozi za lazima ni zipi, za hiari ni zipi, tasnifu inatakiwa lini, basi. Nani aliyeyaweka masharti hayo, na kwa nini, hatuulizi. Katika makala haya nakusudia kuuliza. Hoja yangu ni moja: masharti ya shahada ya fasihi ni matokeo ya mabishano, na kilichowekwa na watu kikaoni kinaweza kuondolewa na watu kikaoni.

Nitachukua mfano wa shahada ya onazi katika fasihi ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo iliyozizaa idara zetu. Msiichanganye na ile shahada ya heshima wanayovishwa wakubwa siku ya mahafali. Onazi ni shahada ya mtu aliyezama katika somo moja, akafanya mitihani ya mwisho, akapangiwa daraja: la kwanza, la pili au la tatu.

Huko Uingereza kwenyewe somo hili halikupokewa kwa vigelegele. Oxford ilianzisha onazi ya Kiingereza mwaka 1894, baada ya ubishi mrefu. Mwaka 1887 mwanahistoria E. A. Freeman alikuwa amelikejeli: kwake yeye, kulisoma kungekuwa kupiga soga tu kuhusu Shelley. Wasomi wa Kigiriki na Kilatini waliona kwamba hadithi na mashairi ya lugha ya nyumbani mtu anajisomea mwenyewe, mtihani wa nini? Dawa iliyopatikana ilikuwa kulifanya somo liwe gumu. Wanafunzi wakalazimishwa kusoma Kiingereza cha kale, ambacho Mwingereza wa leo hakielewi bila kufundishwa. Hata mageuzi ya 1931, yaliyosukumwa na J. R. R. Tolkien akiungwa mkono na C. S. Lewis, yaliuweka mwisho wa masomo ya lazima kwenye mwaka 1830. Yaani Dickens alibaki nje ya mlango wa lazima! Kwa hiyo hata hiyo "fasihi ya Kiingereza" tunayodhani iliteremka kama ilivyo ilichongwa na watu kwa sababu zao.

Ikafikaje kwetu? Tangu 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wasiosoma chuoni hapo kufanya mitihani yake. Mwaka 1949 Makerere ikaingia katika uhusiano maalumu na London, na mwaka 1953 wahitimu wake wa kwanza wakapata shahada za London. Walimu wa Makerere waliweza kupendekeza mabadiliko ya mitaala, lakini shahada ilikuwa ya London, na neno la mwisho lilikuwa la mwenye shahada.

James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, aliingia Makerere mwaka 1959 na kusoma onazi ya Kiingereza. Mwandishi aliyemchagua kwa uchunguzi wa pekee alikuwa Joseph Conrad. Wakati huohuo alikuwa akiandika hadithi zake katika Penpoint, jarida la idara hiyohiyo. Tazameni ajabu hiyo: fasihi ya Afrika Mashariki ilikuwa inazaliwa kwenye jarida la wanafunzi, na mtihani hauna habari nayo.

Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichotoa shahada zake chenyewe. London ikaondoka, lakini orodha ya vitabu ikabaki: Shakespeare, Milton, mpaka T. S. Eliot. Mwenye nyumba kahama, fanicha kaacha.

Tarehe 20 Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza ya Nairobi alipeleka mapendekezo yake kwenye Bodi ya Kitivo cha Sanaa. Tarehe 24 Oktoba walimu watatu, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakajibu kwa waraka: idara hiyo ifutwe. Wapo wanaosema eti watatu hawa walitaka kumchoma Shakespeare moto. Si kweli. Fasihi ya Ulaya waliiacha ndani. Walichogeuza ni kitovu: tuanze na Kenya, Afrika Mashariki na Afrika, kisha tuwatazame wengine kutoka hapo. Fasihi simulizi ikapewa kiti cha mbele. Baada ya mabishano makali Nairobi ikapata Idara ya Fasihi, na masomo ya lugha yakapewa idara yake.

Sharti moja la waraka ule, hata hivyo, halitajwi sana tunapousifu. Walitaka mwanafunzi wa fasihi alazimike kujua Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Fasihi ya Kiswahili waliihesabu kuwa moja ya chemchemi kuu za somo. Leo ikoje? Dar es Salaam Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, jambo la kujivunia. Lakini Nairobi na Dar kote fasihi kwa Kiingereza ina mlango wake na Kiswahili kina wake. Mwanafunzi anaweza kumchambua Achebe miaka mitatu bila kumgusa Shaaban Robert, na wa Kiswahili akahitimu bila kumjua Okot p'Bitek. Vitabu tulibadilisha, ukuta tukauacha umesimama.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na rambirambi zilikuwa nyingi. Kumuenzi kwa hotuba ni rahisi. Mimi naona heshima ya kweli ni kulirudisha lile sharti la lugha mezani, kwa maandishi, kama walivyofanya wao. Wahadhiri wetu wanajua njia ya kufika kwenye bodi ya kitivo. Sisi wanafunzi tuandike mapendekezo, tuseme ni kozi ipi iwe ya lazima pande zote mbili na kwa nini. Tukinyamaza, orodha itapangwa tu, na wenye kuipanga watadhani tumeridhika.