Moyo Mchovu Haupigwi Mjeledi

Kwa muda mrefu madaktari waliutibu moyo ulioshindwa kazi kwa kuuhimiza. Dawa zilitafutwa za kuukaza ili usukume damu zaidi: punda afe, mzigo ufike. Tangu njia nyingine ifunguliwe, ilipita karibu robo karne kabla haijakubalika kwamba moyo wa namna hiyo unahitaji kupunguziwa kazi.

Njia hiyo ilifunguliwa Göteborg, Sweden. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 7 ambao misuli ya mioyo yao ilikuwa imedhoofika. Waliwapa dawa za kuzuia adrenalini, ambazo hupunguza kasi ya mapigo na ambazo madaktari walionywa wasimpe mgonjwa wa aina hiyo. Wagonjwa wakapata nafuu, na mioyo ya wengi wao, iliyokuwa imetanuka, ikapungua ukubwa.

Sababu imo ndani ya seli. Shambulio la moyo, presha isiyodhibitiwa au pombe nyingi huua seli za misuli, na pengo lake huzibwa na kovu lisiloweza kusukuma damu. Seli mpya ni chache mno: mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hupata takriban asilimia 1 tu kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hiyo. Zilizobaki hubeba kazi ya zilizokufa. Mwili nao, ukiona damu haitoshi, huzidisha adrenalini. Kwa muda mfupi husaidia. Ikiendelea kwa miezi, huzimaliza seli zilezile zilizobaki. Hapo miguu huvimba, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi.

Mwaka 1991, utafiti wa wagonjwa 1,088 ulionyesha kuwa milrinoni, dawa ya kuukaza moyo, iliongeza vifo kwa asilimia 28. Mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa ya bisoprololi na metoprololi, dawa za kuzuia adrenalini. Yote yalisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi: vifo vilipungua kwa asilimia 34.

Dawa hizi huanzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa taratibu, na wiki za mwanzo zinaweza kuleta uchovu. Mgonjwa asiziache bila kumwona daktari. Seli anazozilinda karibu hazina mbadala.