Bia iliyolala baharini miaka 170

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki nzima. Msiogope, sijadisko! Nilijichimbia maktaba kutafuta habari za uchachushaji kwa ajili ya insha ya semina, nikakutana na kisa kilichonisahaulisha hata foleni ya kafteria. Wale msiogusa kilevi msinikimbie, hii ni historia.

Ilikuwa Julai 2010, kwenye visiwa vya Åland, sehemu ya Finland yenye utawala wake wa ndani na watu wanaoongea Kiswidi. Wapiga mbizi walishuka mita 50 hivi kukagua meli iliyozama zamani. Hawakujua ni meli gani wala ya lini, basi wakapandisha chupa moja ili iwasaidie kukisia umri wake. Wakaifungua, wakaionja. Shampeni! Chupa ziligundulika zaidi ya 160, na wataalamu wakakadiria kuwa meli ile ilizama miaka ya 1840. Mwaka 2011 chupa moja ya Veuve Clicquot ilinadiwa kwa euro 30,000. Mimi hapa nasubiri boom.

Lakini kilichonishika si shampeni. Wakati wanapandisha mzigo, chupa moja ilipata ufa palepale kwenye boti, ikaanza kutoa povu. Wakaonja: bia! Yaani bila ule ufa pengine wasingeitambua mapema. Zilikuwa chupa chache tu, mbili zikafanyiwa uchunguzi na wanasayansi wa Finland, na mwaka 2015 matokeo yao yakachapishwa.

Kwa nini watu wahangaike na bia kuukuu? Hapa ndipo historia inapoingia. Wapishi wa bia wa miaka ya 1840 walitumia hamira bila kujua vizuri ni kitu gani. Louis Pasteur alianza kuchapisha kazi zake za uchachushaji mwaka 1857, na Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alifanikiwa kukuza hamira ya aina moja safi mwaka 1883. Kwa hiyo chupa zile ni za kabla ya maabara kuingia kiwandani. Karatasi zinaweza kutueleza bia ya wakati ule iliuzwaje, ila ladha haiandikiki kirahisi.

Sasa, msije mkadhani ilikuwa tamu. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya kwenye vizibo, yakafikia karibu asilimia 30. Bakteria nao walifanya sherehe yao humo ndani. Waliochunguza walisikia harufu ya mpira ulioungua, jibini iliyopitiliza, hata beberu! Hata hivyo, kemikali zilizobaki zilionyesha kuwa chupa zile mbili zilikuwa na bia tofauti, moja ikiwa na hopsi nyingi kuliko nyingine. Hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu. Seli za hamira zilikuwa zimekufa, lakini baadhi ya bakteria walikuwa bado hai. Miaka 170, fikiria! Mwaka 2014 kiwanda cha Stallhagen, hukohuko Åland, kikatoa bia iliyotengenezwa kwa kufuatisha ile ya kwenye meli.

Nikafunga kompyuta nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu alikuwa mpika mbege, kule Kilimanjaro. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichachuke, akachuja, kisha akachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake ulitoka kwenye gome la msesewe. Ndiyo hopsi yetu ile! Watu walivuka vijiji viwili kufuata mbege yake, na akipika mwingine walijua kwa funda la kwanza. Nilipompigia mama kumuuliza msesewe uliwekwa kiasi gani, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, bibi yako alikuwa anaonja tu." Basi. Bibi alifariki, kipimo kikaondoka na ulimi wake.

Wenzetu wameirudisha bia ya mtu wasiyemjua hata jina, kwa sababu ilizama kwenye maji baridi na giza, ndani ya chupa yenye kizibo. Mbege hainyweki baada ya siku chache, na kibuyu hakina kizibo cha miaka 170. Sisi hatuna meli ya kutuhifadhia. Tuna wazee, basi.

Shangazi yangu, aliyekuwa akimsaidia bibi kuchuja, bado yupo. Likizo ya Desemba nikifika nyumbani nakaa naye jikoni na daftari na kikombe cha kupimia, hata akinicheka. Na wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna anayejua kupika ulanzi, dengelua, togwa au hata pilau la kipekee, usingoje bahati ya chupa kupasuka. Muulize wakati bado anaonja.

Haya, narudi kwenye insha. Tuonane tena Mungu akipenda.