KUMBE TRAUTI WA NYERI NI MGENI! HAWA NDIO WALIOMBEBA

Ukipita Nyeri au Nanyuki ukaagiza samaki, unaweza kuletewa trauti, yule mwenye madoadoa mgongoni. Wengi wanamchukulia kama samaki wa asili wa mito ya milimani. Kumbe wapi! Huyu ni mgeni, tena aliingia Kenya akiwa bado yai.

Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, yule jamaa aliyepata sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland. Walowezi walitaka kuvua kwa starehe kama kwao. Mito ya Aberdare ilikuwa baridi na safi, ila trauti hakuwemo.

Shida ilikuwa njiani. Mayai ya trauti hayataki joto, yakipata joto yanakufa. Sasa vuta picha: meli, halafu jua la Mombasa, halafu treni. Na reli haikufika mtoni. Kutoka hapo ni miguu tu, wapagazi na mzigo wao, wanapanda mlima hadi mto Gura. Mmoja akiteleza, safari yote ya kutoka Ulaya imekwisha.

Mzigo ulifika. Mayai yakaanguliwa, samaki wakazaana, wakapelekwa mito mingine. Baadaye akaletwa na yule trauti wa rangi za upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini.

Cha kushangaza, Wakikuyu, wenyeji wa milima hiyo, kwa mila zao hawakuwa walaji wa samaki. Yaani jasho lilimwagika kwa ajili ya mchezo wa watu wengine.

Na huyo Grogan? Mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakikokota riksho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alifungwa, lakini jina lake halikufutika. Mpaka leo trauti akitajwa, anatajwa yeye.

Wapagazi wa Gura wanatajwa kwa neno moja tu: wapagazi. Hakuna jina. Lakini bila vichwa na mabega yao, mayai yale yangeozea njiani na Gura isingekuwa na trauti hata mmoja.

Kwa hiyo siku ukiletewa sahani ya trauti, mkumbuke aliyeilipa kwanza.

Wewe una babu aliyewahi kusimulia habari za wapagazi? Tiririka hapo chini kwenye comments.